Kuku Mlangoni kwa Daktari

Wanawake wa wodi ya watoto walinifukuza kabla sijamlaza mdogo wangu vizuri.

"Wewe kijana, mama wa mtoto yuko wapi?"

"Hayupo."

"Basi shangazi. Bibi. Mwanamke yeyote. Hapa tunalala kina mama."

"Niko mimi."

"Wewe una ndevu!" alisema mmoja, akacheka mpaka mtoto wake akaachia ziwa. "Utamnyonyesha nini, ndevu?"

Mdogo wangu alikuwa binti wa miaka saba, hakuwa na haja ya kunyonyeshwa. Nilikuwa nimempakata kifudifudi, naye alikuwa amenyamaza, na kule kunyamaza kwake ndiko kulikonitisha. Nyuma ya goti la kushoto, kushuka hadi kwenye shavu la mguu, ngozi ilikuwa imebabuka na kuning'inia.

Yalikuwa mawese. Jirani yetu pale Ujiji alikuwa anayachemsha kwenye pipa uani kwake. Jiwe moja la jiko likateleza, pipa likalala, na mdogo wangu alikuwa amechuchumaa karibu akiokota kokwa za chikichi. Majirani wakampaka ute wa yai, wakatuma mtu aniite kule ufukweni Kibirizi, ambako nilikuwa mpagazi wa magunia ya dagaa. Nilifika hospitalini nikinuka samaki kuliko ziwa lenyewe.

Baba na mama walifariki mwaka uliotangulia, mmoja akimfuata mwenzake. Mimi niliyekuwa mkubwa niliacha shule kidato cha tatu ili mdogo wetu wa kiume abaki shuleni na huyu wa mwisho ale. Sikuona kwamba ni jambo la kusifiwa. Gunia ni zito, lakini ukilibeba linafika. Hivyo ndivyo nilivyozoea kuyaona mambo ya dunia siku zile: kitu ukikibeba, kinafika.

Kwa hiyo sikutoka. Nilisimama ukutani mpaka wanawake wakachoka kunicheka. Jioni mmoja wao akanitupia kanga yake kuukuu. "Jifunge hii basi, uwe shangazi," akasema. Nikajifunga. Tangu hapo wodi nzima wakaniita Shangazi, na nikaruhusiwa kulala chini ya kitanda.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Boti zilikuwa zinakuja kutoka kaskazini, upande wa Kagunga, nyingine zikivuka kutoka ng'ambo ya ziwa, na watu wakishuka na magodoro, mbuzi na masufuria yenye ugali wa juzi. Hospitali yetu ilikuwa ndogo, imejengwa kwa ajili ya mtaa, sasa ilihudumia mataifa. Kila kitanda kililaza watoto wawili, mmoja kichwani mwingine miguuni. Mdogo wangu alilala na mtoto mwenye homa wa mama mmoja Mrundi. Bandeji zilikwenda kambini kwanza, kisha kilichobaki kikaja kwetu. Wenyeji walinung'unika kwamba ukitaka dawa sharti uwe mkimbizi. Yule mama Mrundi alisikia, akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Basi njoo tubadilishane. Wewe chukua bandeji, mimi nichukue nyumba yako."

Daktari alikuwa mmoja. Alikuwa mfupi, mtoto wa mfuga nyuki kutoka milimani huko Uha, na mikono yake ilikuwa mikubwa kupita mwili wake. Aliufunua mguu wa mdogo wangu, akautazama kwa muda, kisha akaniambia mambo yalivyo bila kuyazungusha.

"Dawa ya kuungua imekwisha. Nimeomba, sijajibiwa. Nikingoja, kidonda hiki kitaoza. Nina asali. Si dawa ya hospitali, sikufundishwa shuleni, nilimwona baba yangu akiitumia. Unakubali?"

Nikasema nakubali. Ningekataa, ningemkimbilia nani?

Asali ilikaa kwenye ndoo nyeupe yenye kifuniko, chini ya meza yake. Aliichuja kwa kitambaa alichokichemsha mwenyewe. Kidonda kilipokuwa na uchafu alikipaka kwanza papai bichi lililopondwa, kesho yake asali, juu yake vipande vya shuka vilivyochemshwa. Mdogo wangu alilia siku za mwanzo. Mama Mrundi alimshika kichwa na kumwambia "buhoro, buhoro," yaani polepole, kama anayemtuliza ndama, naye mtoto akawa anairudia kati ya meno. Baadaye kitambaa kilipobanduliwa hakikung'ang'ania nyama, kilitoka chenyewe kwa utelezi wa asali, na mtoto akaacha kulia, akaanza kulamba vidole vya daktari. Daktari alijifanya kukasirika. "Hii ni dawa, si uji!"

Lakini kidonda hakikuwa shida kubwa zaidi. Shida ilikuwa goti. Mtoto alipenda kulikunja kwa sababu likikunjwa haliumi. Daktari alinionyesha kwa kidole jinsi ngozi mpya ilivyokuwa inaota kwa nyuma.

"Ikiota goti likiwa limekunjwa, kovu litalifunga hapo hapo. Hatatembea. Lazima alale mguu umenyooka, usiku na mchana, mpaka kidonda kifunge na hata baada ya hapo."

"Tutaunyoosha na nini?"

"Plasta ya kukazia mguu hakuna. Kuna fundi."

Fundi alikuwa wodi ya wanaume, upande wa pili wa ukuta. Alikuwa anaunda maboti ya mbao Kibirizi, mtu niliyemjua kwa sura, na mkewe nilimjua zaidi kwa sababu alikuwa mfanyabiashara wa dagaa ambaye magunia yake niliyabeba mimi. Fundi alikanyaga msumari, naye alikuwa na ugonjwa wa sukari, na mguu ukavimba, ukatoboka. Hospitali kubwa walimwambia ukatwe. Akatoka huko kwa mguu wake huohuo, akaja kwetu.

"Fundi wa mguu mmoja atasimamia nini akipiga nyundo?" alisema. "Daktari, nipake na mimi hiyo asali."

Daktari akampaka.

Ndiye aliyeuchonga ubao wa mdogo wangu. Mkewe alimletea kipande cha mbao na patasi, akakaa kitandani na kuuchonga, vibanzi vikidondoka juu ya shuka la hospitali huku nesi akigomba. Aliutoboa kijishimo cha kisigino, akaulainisha kingo zote, akaupinda kidogo pale unapokaa paja, hata mtoto alipofungwa juu yake kwa vitambaa hakupata mahali pa kulalamikia.

"Nimeunda maboti mengi," fundi akamwambia. "Hili ndilo dogo kuliko yote. Usije ukalizamisha."

Tangu siku hiyo mdogo wangu aliuita ubao ule boti lake. Asubuhi nilimbeba nao hadi dirisha la wodi ya wanaume, fundi akauliza, "Boti linavuja?" naye akajibu, "Halivuji." Ilikuwa salamu yao.

Wakati huo wanawake walikuwa wameanza kunitazama kwa jicho jingine. Siku moja yule aliyenipa kanga aliniuliza, "Shangazi, umempelekea daktari nini?"

"Nimpelekee nini? Hii si hospitali ya serikali?"

"Vidonge ni vya serikali. Asali ni dawa ya shamba. Dawa ya shamba haiondoki kwa mikono mitupu. Kwenu hawakukufundisha?"

Nilijua, lakini nilikuwa sijaihusisha na hospitali. Mama alipokuwa hai, akipewa mizizi na mzee wa jirani, aliacha kitu kizingitini bila kusema neno: kibaba cha unga wa muhogo, jogoo, chochote. Si bei. Ni njia ya kuifungulia dawa. Ukiichukua bure inalala tu, haifanyi kazi.

"Na usimshukuru," akaongeza. "Kidonda kifunge kwanza. Ukishukuru mapema unaiambia dawa kwamba kazi imekwisha."

"Hata kwetu ni hivyo," alisema mama Mrundi kutoka upande wa pili wa kitanda. Nadhani lilikuwa jambo la kwanza ambalo wanawake wa wodi ile, wenyeji na wakimbizi, walikubaliana juu yake.

Nikatafuta kuku. Nilimfunga miguu, nikamweka mlangoni kwa daktari, kwenye nyumba yake ya pale hospitalini, wakati yuko wodini, nikaondoka bila kugeuka. Sikuwa peke yangu. Asubuhi nyingine mlango ule ulikuwa na kuku, chupa ya mawese, fungu la samaki wa migebuka waliokaushwa. Daktari alikuja wodini amekunja uso.

"Nani ameniwekea kuku? Nimesema sitaki kitu cha mtu!"

Wanawake walitazama watoto wao. Kitu kilichoachwa mlangoni hakina mwenyewe, ndiyo maana yake. Daktari alipiga kelele, kisha kuku wakapelekwa jikoni na wagonjwa wakanywa mchuzi. Yule wa kanga alimnyooshea kikombe chake, akasema, "Karibu, Daktari, mchuzi wa kuku asiye na mwenyewe," na hata yeye akacheka.

Kidonda cha mdogo wangu kilianza kufunga kutoka pembeni, chekundu chepesi, safi. Mguu wa fundi nao ulianza kunuka.

Nilikuwepo dirishani siku fundi mwenyewe alipouliza. Daktari alikuwa ameufunua, ameinama sana.

"Vipi, Daktari?"

Daktari aliurudishia kitambaa. "Tuupe asali siku chache zaidi," akasema.

Fundi alifurahi. Mkewe, aliyekuwa amekaa miguuni pake na bakuli la ugali, alifurahi pia. Mimi nikafurahi. Kwa nini tusifurahi? Tulikuwa tumeona goti la mtoto likiota ngozi.

Homa ilimpanda fundi kesho yake asubuhi na jua halikuzama yeye yupo hai. Nilisaidia kumbeba. Alikuwa mzito kuliko gunia lolote, na kwa mara ya kwanza nilibeba kitu nikijua hakuna mahali kinapofika.

Mjane hakupiga kelele kama wengine. Alipokwisha kuzika alikuja hospitalini, akasimama mbele ya daktari mbele yetu wote.

"Ulisema siku chache."

"Nilisema, mama."

"Haya. Nimezihesabu."

Shemeji yake, ndugu wa marehemu, alikuwa mtu wa ofisi, alijua malalamiko hupelekwa wapi. Haikuchukua muda mrefu wakaja wageni kutoka mbali, wakubwa wenye mamlaka ya kumpa daktari leseni na kumnyang'anya. Sisi tuliwaita watu wa leseni. Wakakaa stoo ya hospitali, meza moja, viti vitatu, mlango wazi kwa sababu ya joto. Nje wakaweka benchi, na walioitwa wakakaa hapo: mjane wa fundi upande mmoja, mimi upande wa pili, mdogo wangu katikati yetu juu ya boti lake.

Mjane aliutazama ubao ule. Alitia kidole kwenye kile kijishimo cha kisigino, akakizungusha ndani yake, akautoa mkono.

Yeye ndiye aliyeitwa kwanza. Tulisikia yote.

"Mume wangu alipakwa asali kama mkate," alisema. "Mguu unaoza, unapakwa asali. Mimi sikusoma. Yeye alisoma. Kama hakujua kukata, angesema sijui kukata. Ningembeba mwenyewe hadi wanapokata."

Sikuweza kumpinga hata moyoni. Kila neno lilikuwa kweli. Nikaushika mguu wa mdogo wangu, nao ulikuwa wa vuguvugu, mzima, na hiyo nayo ilikuwa kweli.

Kisha nikaingia mimi, nimembeba mtoto. Mzee mwenye miwani aliyekaa katikati alikuwa mpole.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, kijana. Usiogope. Daktari alikuambia kwamba asali si dawa ya hospitali?"

"Aliniambia."

"Ukakubali kwa hiari yako?"

"Nilikubali."

"Ulimlipa?"

"Hapana, mzee."

"Hukumpa kitu chochote?"

Sikuwa nimelelewa kusema uongo mbele ya wakubwa. "Niliacha kuku mlangoni."

Kalamu ya aliyekuwa anaandika iliinuka, ikashuka. "Kuku wa nini?"

"Wa asali."

"Na kwa vidonge? Kwa sindano? Uliacha kuku?"

"Hizo hapana. Hizo ni za serikali."

"Kwa hiyo asali ilikuwa biashara yake mwenyewe."

"Siyo hivyo, mzee. Kuku si malipo. Dawa ya shamba haiondoki kwa mikono mitupu, haitafanya kazi. Na yeye hakuwataka, alikasirika, tukawala wenyewe."

"Nani alikufundisha kwamba haitafanya kazi? Daktari?"

"Hapana. Wodi nzima inajua."

"Wodi nzima," alirudia, akamtazama mwenzake, na mwenzake akaandika.

Niliona ninavyozama na sikujua nishike wapi. Kila nilipoeleza, kuku yule alizidi kunona. Palikuwa na mama mmoja kati yao, mtu wa makamo, ambaye alinionea huruma, nadhani, akataka kunisaidia.

"Lakini mdogo wako anaendelea vizuri. Mmemshukuru daktari?"

"Hapana, mama."

"Kwa nini?"

"Bado hajapona."

Aliinamisha kichwa, asiongeze swali. Nilipofika mlangoni ndipo nilipoelewa jinsi jibu lile lilivyosikika masikioni mwa mtu aliyelelewa mbali na kwetu. Niligeuka nirudi kueleza. Mzee mwenye miwani akasema, "Asante, kijana, inatosha."

Nikarudi benchini.

"Umesema nini?" mjane aliniuliza.

"Nimesema niliacha kuku."

"Mimi niliacha wawili," akasema.

Daktari aliitwa mwisho. Hakukana kitu. Nilimsikia akisema kwamba mtoto angempaka tena hata leo, kwa sababu hakukuwa na kingine, na alikuwa anauona mguu ukipona. "Lakini yule fundi," akasema, sauti ikashuka tukalazimika kuinama benchini ili tusikie, "yule nilipaswa kumpeleka akakatwe, hata kwa kugombana naye. Nilikuwa nimeona asali inaponya, nikaanza kuiamini kuliko macho yangu."

Mjane alilia hapo, kwa mara ya kwanza mbele yangu. Alilia akinishikia mguu wa mdogo wangu.

Hukumu ilikuja baadaye, na ilikuja imeandamana na agizo. Daktari asiguse mgonjwa. Vitu vyote vya kienyeji vitolewe wodini. Wahudumu wakapita na ndoo. Wakachukua asali, wakachukua mapapai dirishani, wakachukua vitambaa vyetu vilivyochemshwa, na mmoja akasimama mbele ya mdogo wangu.

"Huu ubao ni wa hospitali?"

"Ni boti langu," mdogo wangu alisema.

"Ni wa hospitali au si wa hospitali?"

Si wa hospitali. Ulikuwa umelowa asali, unanata, sisimizi wameupenda. Wakaufungua. Uliungua kwenye shimo la taka pamoja na mapapai, na kwa sababu ya asali moshi wake ulinukia vizuri hadi wodini.

Aliyeletwa badala yake alikuwa tabibu kijana, na simlaumu. Alifika wiki ileile zilipofika boti tatu za wakimbizi, watu wakiharisha na kutapika mpaka kwenye korido. Alikuwa analala amesimama. Alimfunga mdogo wangu bandeji kavu, ilipokuwepo, na bandeji kavu ilipobanduliwa iliondoka na ngozi yote mpya. Sasa mtoto akiona ndoo ya bandeji alianza kupiga mayowe kabla hajaguswa, na goti likapanda juu, likapanda, akalala amejikunja kama mtoto wa tumboni.

Nilimwambia tabibu kwamba goti linyooshwe. Hakukasirika. Alinishika mkono, akanipeleka kwenye kabati, akafungua milango yote miwili. Ndani palikuwa na mjusi.

"Najua kwamba goti linyooshwe," akasema. "Plasta imeagizwa. Ikija, yeye wa kwanza."

Haikuja. Au ilikuja ikapita kwenda kambini.

Nikatengeneza ubao mwenyewe kwa mbao za kreti la soda. Mimi si fundi. Sikujua kuchonga mahali pa kisigino. Ulimkata, ukamtia kidonda kipya, akaniuma mkono nilipomfunga. Nikajaribu kulivuta goti kwa mikono, kama nilivyomwona daktari akifanya, kidogo kidogo. Lakini daktari alijua aishie wapi, mimi sikujua. Mtoto alinitazama machoni na kusema "buhoro, kaka, buhoro," nami nikaacha. Kila siku nilianza, kila siku niliacha.

Ndipo nikambeba hadi nyumbani kwa daktari. Alikuwa bado anakaa pale pale, nyumba ya hospitali, akingoja nafasi ya treni. Alifungua mlango, akatuona, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuweka ile mikono yake mikubwa nyuma ya mgongo.

"Daktari, mtazame tu."

"Siruhusiwi."

"Kumtazama tu?"

"Nikimtazama nitasema. Nikisema nimetibu."

"Basi niambie mimi. Si kama daktari. Kama mtu tu."

Alitazama juu ya vichwa vyetu, kule ziwani. Mdogo wangu alinyoosha mkono amshike kidole, kile alichozoea kukilamba, asikione.

"Mrudishe wodini," daktari alisema mwishowe. "Waambie wanyooshe goti. Usiwaambie nimesema mimi."

"Nimeshawaambia."

"Waambie tena."

Akafunga mlango polepole. Nilibaki nimesimama pale kizingitini, mahali nilipomweka kuku.

Kidonda kilifunga. Wanasema kidonda cha mtoto hufunga hata kwa mate. Kikafunga kilivyotaka, goti limekunjwa, kovu limekaza nyuma yake kama kamba ya boti, na hivyo ndivyo lilivyo hadi leo. Nimewauliza wengi baadaye kama ni asali iliyokuwa inamponya, au ubao, au mikono ya daktari, au ujana wake tu. Mmoja alisema hivi, mwingine vile. Sikupata jibu la kubeba.

Kibirizi niliendelea kumbebea mjane magunia. Hatukuzungumza juu ya yale. Siku moja tu, mdogo wangu akiwa amekaa juu ya mzigo wake wa dagaa, mjane aliutazama mguu kwa muda mrefu.

"Wa kwako umepinda," akaniambia. "Wa kwangu uko ardhini. Twende kazini."

Ni kwa ajili ya kazi hiyo tulikuwa stesheni ya Kigoma siku daktari anaondoka. Mjane alikuwa anasafirisha dagaa, nami nilikuwa napakia. Mdogo wangu nilimkalisha juu ya magunia yaliyosalia. Daktari alikuja na sanduku moja, hakusindikizwa na mtu. Akamwona mjane, akasimama.

"Mama. Pole."

"Pole ulishanipa," mjane alisema. "Panda treni."

Alipanda. Dirishani akatuona na sisi, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye goti la mdogo wangu, yakakaa hapo. Sasa aliweza kulitazama, hakuna aliyekuwa anamzuia tena, na hakukuwa na la kusema. Neno la shukrani lilikuwa mdomoni mwangu. Nililihisi kama kitu cha kutafuna. Lakini nilimtazama mtoto, mguu umejikunja chini yake, nikajiambia pengine bado, pengine kovu litalegea, pengine dawa ile bado iko kazini humo ndani na mimi ndiye nitakayeiambia kazi imekwisha. Nikafumba mdomo. Daktari akaniinulia mkono. Nikamwinulia wangu.

Treni ilipoondoka mdogo wangu aliniuliza, "Kaka, mbona hukumwambia asante?"

"Bado hujapona."

Alifuata reli kwa macho. "Nikipona, utamwona wapi?"

Niligeuka nikachuchumaa ili apande mgongoni. Mguu mmoja ulinizunguka kiunoni vizuri. Wa pili ulibaki umekunjwa, na goti lake likanichoma ubavuni njia nzima, mpaka Ujiji.